Siku Sita kwa Kurasa, Miaka Mingapi kwa Watu?

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, kidato cha tatu. Najua jarida letu lina makala kuhusu nidhamu, usafi wa mazingira, ndoa za mapema na umuhimu wa lugha yetu. Hayo yote ni mambo mazuri na nitayasoma. Mimi nimechagua jambo ambalo ukilisikia tu utasema ni la watu wa kompyuta, halituhusu sisi wa Ifo: vile nyufa za programu zinavyozibwa. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine bado. Linatuhusu.

Hoja yangu ni hii. Programu ya kompyuta ikipatikana na ufa, mafundi huuziba kwa siku chache, na hakuna anayemwadhibu mtu ambaye ukurasa wake ulichafuliwa. Lakini daftari la watu likiwa na ufa, hapa kwetu Kaskazini Mashariki, anayeadhibiwa ni yule aliyeandikwa ndani yake, tena kwa miaka. Mimi nasema hiyo si haki. Aidha nasema kwamba dawa inayotumika kule kwenye programu inaweza kutumika huku kwenye madaftari ya watu.

MASWALI MAWILI YA MLANGONI

Kila programu inayopokea watu ni kama nyumba yenye bawabu. Bawabu mzuri huuliza maswali mawili. La kwanza: wewe ni nani, na una ruhusa ya kufanya nini? La pili: umebeba nini? Mwenye kujibu swali la kwanza vizuri hajajibu la pili. Mtu anaweza kuwa mwenyeji kabisa wa nyumba na bado akaingia na nyoka ndani ya kikapu.

Sisi wa Dadaab tunayajua maswali haya hata kama hatujawahi kugusa kompyuta. Mwaka 2013 ulianzishwa hapa utaratibu wa kuweka kidole kwenye mashine kabla ya kupewa chakula cha mgao. Kidole kinajibu swali la kwanza, kwamba wewe ndiwe mwenye kadi. Swali la pili ni la kazi nyingine: je, hesabu ya watu iliyoandikwa kwenye kadi ni sahihi? Mashine ya kidole haiwezi kujua hilo. Inajua kidole tu.

Chukua mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi. Tuseme shule fulani imeweka alama za mitihani kwenye kompyuta. Ikiwa mwanafunzi yeyote anaweza kufungua faili na kubadilisha alama, hapo swali la kwanza halikuulizwa. Ikiwa ni mwalimu pekee anayeweza kuandika, lakini kompyuta inakubali alama 770 kwa mtihani wa 100, hapo swali la pili halikuulizwa. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, kidole chake kiliteleza tu akabonyeza sifuri. Lakini mwisho wa muhula yuko mwanafunzi aliyeshika nambari ya kwanza kwa miujiza, na mwingine aliyekosa zawadi yake.

BAWABU NA KARANI

Sasa nikupe kisa cha kweli. Kuna programu inayoitwa WordPress. Kazi yake ni kumwezesha mtu wa kawaida kuandika makala na kuyachapisha kwenye intaneti bila kujua ufundi wa ndani. Ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Mullenweg wakati huo alikuwa na miaka 19, yaani ananizidi mimi kwa miaka mitatu tu! Programu hii haiuzwi, na yeyote anaweza kuisoma ndani jinsi ilivyoandikwa. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote za dunia zinaitumia.

Mwezi wa Disemba mwaka 2016 lilitoka toleo lake la 4.7. Toleo hilo lilifungua mlango mpya ambao programu nyingine zingeweza kupitia ili kusoma na kubadilisha makala. Ndani ya mlango huo mpya kulikuwa na ufa. Nitaueleza polepole, kwa sababu ndio kiini cha maneno yangu.

Kila makala ina namba yake. Tuseme yako ni namba 456. Mtu akitaka kuibadilisha, ombi lake hupitia kwa bawabu kwanza. Bawabu huitafuta makala hiyo, huangalia kama mwombaji ana ruhusa, na akiona hana humzuia. Akipita hapo, ombi huenda kwa karani, ambaye huifungua makala na kuandika yale yaliyoombwa.

Mjanja akaja na namba 456ABC. Bawabu akatafuta makala inayoitwa 456ABC. Haipo. Badala ya kusema, "Hakuna kitu kama hicho, rudi ulikotoka," bawabu akajiambia, "Kwa kuwa haipo, basi hakuna cha kumkataza huyu," akampisha. Karani naye alikuwa na tabia yake. Akipewa namba yenye herufi mkiani, yeye hukata herufi na kubaki na tarakimu. 456ABC ikawa 456. Akaifungua makala yako, akafuta uliyoyaandika na kuweka ya mjanja. Hakuna neno la siri lililoulizwa. Hakuna kufuli lililovunjwa.

Umeona mambo hayo? Bawabu alikuwepo kazini. Karani alikuwepo kazini. Kila mmoja ukimuuliza atakuambia, "Mimi nilifanya kazi yangu." Ubaya ni kwamba karatasi moja ilisomwa na watu wawili kwa macho mawili tofauti, na mwizi akapita katikati yao. Swali la ruhusa liliharibika kwa sababu swali la mzigo halikuulizwa: kwa nini namba ina herufi?

JINSI UFA ULIVYOZIBWA

Tarehe 20 Januari 2017, Marc-Alexandre Montpas, mtafiti wa kampuni ya ulinzi ya Sucuri, aliwajulisha watengenezaji wa WordPress juu ya ufa huo. Aliwaambia kwa siri. Hakupiga mbiu sokoni. Tarehe 26 Januari, siku sita baadaye, lilitoka toleo la 4.7.2 lenye dawa. Dawa yenyewe haikuwa ndefu. Bawabu na karani walipewa njia moja ya kuitambua makala, na makala isipopatikana, ombi hukataliwa pale pale mlangoni.

Watengenezaji walinyamaza hadi tarehe 1 Februari ili tovuti nyingi zipate dawa kwanza, kisha wakautangazia ulimwengu. Tangu mwaka 2013 programu hiyo ilikuwa na uwezo wa kujisasisha yenyewe, kwa hivyo wengi walipona bila hata kujua kwamba walikuwa wagonjwa. Lakini kuna wale waliokuwa wameuzima uwezo huo, au walikuwa na uvivu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hesabu ya kampuni moja ya ulinzi, katika mwezi huo wa Februari kurasa zaidi ya 1,500,000 zilichafuliwa.

Na zile kurasa zilizochafuliwa je? Hapa ndipo ninapotaka uniwekee alama, msomaji wangu. WordPress huhifadhi nakala za awali za kila makala. Mwenye ukurasa alirudisha ile ya kwanza, maisha yakaendelea. Hakuna aliyemwambia, "Wewe ukurasa wako uliandikwa uongo, kwa hivyo kuanzia leo wewe ni mwongo na hutachapisha tena." Kila mtu alielewa kwamba kosa ni la mlango.

Hata serikali yetu imewahi kupata shida ya namna hiyo. Mwezi wa Januari 2012 tovuti 103 za serikali ya Kenya zilichafuliwa kwa mkupuo mmoja na mdukuzi wa Indonesia aliyejiita direxer. Novemba 2025 tovuti za wizara kadhaa na ile ya Ikulu zilivamiwa tena. Zilisafishwa zikarudi hewani. Hakuna wizara iliyoambiwa kwamba si wizara tena kwa sababu ukurasa wake uliandikwa maneno ya wageni. Mbona sasa kwa wanadamu tunafanya tofauti?

DAFTARI LA WATU

Tuje nyumbani. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka kule Somalia. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizi zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011 ukame ulipozidi, na Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Somalia mwezi wa Julai, Dadaab ilikuwa na watu zaidi ya 400,000.

Njaa haikusoma mpaka. Ukame ule ule uliwaua mifugo wa Wakenya wa Garissa, Wajir na Mandera. Ndani ya kambi kulikuwa na unga, mafuta, hospitali na shule. Nje ya kambi kulikuwa na mizoga ya ng'ombe. Kwa miaka mingi, si huo mmoja tu, baadhi ya wazazi Wakenya waliwapeleka watoto wao wakaandikwa kama wakimbizi ili wapate kula, kutibiwa au kusoma. Mtoto akawekwa kidole kwenye mashine. Mwingine alikuwa mdogo hata hajui ile mashine ni nini.

Hebu tazama jambo hili kwa macho ya fundi wa programu. Wakati wa kuandika, bawabu aliuliza, "Wewe ni nani?" Mzazi akajibu. Hakukuwa na njia ya kuhakikisha, kwa sababu Kenya humpa mtu kitambulisho na kuchukua alama zake za vidole anapofika miaka 18. Alama za mtoto hazikuwa mahali pengine popote. Kwa hivyo chochote kilichosemwa kiliingia. Huo ndio mzigo usiokaguliwa.

Miaka ikapita. Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Sasa alama zake zikalinganishwa na zile za wakimbizi, zikapatikana. Karani wa pili akasoma rekodi ile ile kwa jicho tofauti. Wa kwanza alikuwa ameandika, "Huyu ameomba msaada." Wa pili alisoma, "Huyu si Mkenya." Karatasi moja, macho mawili! Si ndiyo 456ABC ile ile?

Inakadiriwa kwamba waliokwama namna hiyo ni watu wapatao 40,000. Sijui kama tunaielewa hesabu hiyo. Mtu bila kitambulisho Kenya hasajili laini ya simu kwa jina lake. Hafungui akaunti ya benki. Haombi mkopo wa chuo kikuu. Hapigi kura. Akisafiri kwenda Garissa mjini au Nairobi, kila kizuizi cha barabarani ni mtihani usio na majibu. Ana mama Mkenya, baba Mkenya, ndugu zake wakubwa wana vitambulisho, na yeye hana.

Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, limelipeleka jambo hili mahakamani. Serikali nayo imefanya mazoezi ya kuwakagua watu hawa ili kuwatoa kwenye orodha ya wakimbizi, na wako waliotolewa. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kuondolewa kwa ule ukaguzi maalumu uliokuwa ukiwasumbua watu wa kaskazini wakiomba vitambulisho. Hatua hizo nazisifu. Lakini alama ya kidole iliyo ndani ya mashine haisikii tangazo. Inafutika tu pale mtu mwenye ruhusa anapoifungua rekodi na kuirekebisha, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo tunapokwama: mlango wa kuingia kwenye orodha ulikuwa mpana, na wa kutokea ni tundu la sindano.

"LAKINI WALIDANGANYA!"

Najua kuna msomaji ambaye tayari ameinua mkono. Anasema, "Wazazi hao walidanganya. Walichukua chakula kisicho chao. Wacha wavune walichopanda." Hoja hiyo ina uzito na siikimbii. Chakula cha mgao kina mwenyewe, na anayejiandika mara mbili anaweza kumpunguzia mwenziwe. Sisi tunaoishi hapa tunajua maana ya mgao kupunguzwa.

Lakini nauliza, nani alidanganya? Mtoto wa miaka minne hakudanganya. Yeye alishikwa mkono, akainuliwa, kidole chake kikabonyezwa. Hata sheria za kawaida hazimhukumu mtoto wa umri huo kwa kosa lolote. Sasa mashine imempa hukumu isiyo na mwisho kwa jambo alilofanyiwa. Hata yule mdukuzi wa mwaka 2017 alidanganya aliposema 456ABC, lakini mafundi hawakuishia kumtukana yeye. Walisema, "Mlango wetu uliamini uongo. Tuutengeneze mlango, kisha turudishe makala za watu."

Mwingine atasema, "Hii ni sehemu ya mpaka. Usalama kwanza. Tukifungua mlango wa kurekebisha rekodi, wabaya watapita humo humo." Hilo nalo si la kupuuzwa. Hakuna mtu wa Garissa aliyesahau tarehe 2 Aprili 2015 na wanafunzi waliouawa pale chuo kikuu. Mimi pia nataka kulala salama.

Hata hivyo, sikusema ukuta ubomolewe. Nimesema mlango uwe na bawabu wa kweli. Mlango wa kurekebisha nao uulize maswali mawili yale yale. Wewe ni nani? Lete kitambulisho cha mzazi, lete cheti cha kuzaliwa, lete rekodi ya shule, walete chifu na wazee wa mahali ulipozaliwa. Umebeba nini? Kila karatasi ikaguliwe, na kila badiliko liandikwe: nani alibadilisha, lini, kwa ushahidi gani. Fundi wa kompyuta hawezi kukubali programu ambayo mtu anaweza kuandika kosa ndani yake na asiweze kulitoa. Programu ya namna hiyo haina usalama hata kidogo. Kwanza nchi haimjui mtu wake. Pili, mtu asiyekuwa na njia ya halali hutafutiwa njia ya panya na walaghai wanaouza karatasi bandia. Kwa hivyo anayekataa kurekebisha rekodi kwa ajili ya usalama anaupunguza usalama huo huo.

Ukaguzi unaweza kukosea kwa namna mbili. Unaweza kumpisha asiye na haki, na unaweza kumfungia nje mwenye haki. Kosa la kwanza likitokea, magazeti yanaandika na mafundi hawalali. Kosa la pili likitokea, hakuna king'ora kinacholia. Yule aliyefungiwa nje anakaa nje, basi. Ndiyo maana lile la kwanza lilizibwa kwa siku sita.

HATA SISI TUKO NDANI YA MADAFTARI

Usidhani jambo hili ni la Wakenya waliokwama peke yao. Darasani tunaketi pamoja, wakimbizi na wenyeji, na sote tumo ndani ya madaftari. Wangapi kati yetu tarehe yetu ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari? Ukihesabu darasa moja tu utacheka, kwani ni kama mama zetu wote walikwenda kujifungua siku moja! Karani alihitaji tarehe, mzazi hakuwa nayo, fomu ikakataa kuachwa wazi. Basi ikaandikwa tarehe ambayo fomu iliitaka. Mohamed mmoja anaandikwa Mohamed shuleni, Muhammad hospitalini na Maxamed kwenye karatasi alizokuja nazo. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta hao ni watu watatu.

Aidha fomu nyingi hudai jina la ukoo. Sisi huitwa kwa jina letu, la baba na la babu. Hatuna jina la ukoo la namna fomu inavyotaka. Mtengenezaji wa fomu hakuwa na chuki nasi. Hakutufikiria tu. Lakini bawabu asiyekufikiria atakuzuia sawasawa na yule anayekuchukia.

Sheria inatutetea hapa, ingawa wengi hatujui. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, haki ya kuziona, na haki ya kutaka zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe au zifutwe. Soma tena maneno hayo: zirekebishwe au zifutwe. Iko ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamiko. Kwa maneno mengine, nchi yetu imekwisha kukubali kwamba daftari linaweza kukosea. Kilichobaki ni kutenda.

TUFANYE NINI?

Mimi ni mwanafunzi, sina amri juu ya wizara wala shirika. Lakini ninayo mapendekezo, na baadhi yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wanaoshika madaftari ya watu wajiwekee siku, kama mafundi wa programu wanavyofanya. Mtu akileta ushahidi kwamba rekodi yake ina kosa, apewe karatasi yenye tarehe ya kujibiwa. Simaanishi siku sita. Hata siku 60 zingekuwa neema. Jambo lisilo na siku ya mwisho halina mwisho.

Pili, mashine mbili zisisomewe rekodi moja kwa maana mbili. Kuonekana kwenye orodha ya wakimbizi kuwe ni sababu ya kuuliza swali, isiwe ndiyo jibu. Bawabu akiona kitu asichokielewa asimame, aulize. Asimpishe mtu kwa sababu haelewi, na asimfukuze kwa sababu haelewi.

Tatu, hapa shuleni. Kidato cha tatu tutasajiliwa kwa mtihani wa KCSE mwakani. Napendekeza shule ibandike orodha ya majina na tarehe zetu ubaoni mapema, kila mwanafunzi asome lake herufi kwa herufi, na mwenye kosa alete cheti chake. Kurekebisha herufi moja leo ni kazi ya dakika tano. Kuirekebisha baada ya cheti cha mtihani kutoka ni safari za Nairobi. Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kuwasaidia wazazi kuandika barua za kuomba marekebisho, kwani wengi wao hawajui kuandika Kiswahili cha ofisini. Hiyo itakuwa kazi yenye thawabu kuliko mashindano ya kughani mashairi peke yake, ijapokuwa mashairi nayapenda.

Nne, anayeona ufa aseme, na anayesema asichapwe. Montpas aliona, akasema kwa siri kwa wahusika, akashukuriwa. Huku kwetu mwanafunzi akimwambia mwalimu kwamba faili la alama liko wazi, swali la kwanza analoulizwa ni, "Wewe ulikuwa unatafuta nini huko?" Walimu wetu wapendwa, mkituuliza hivyo tutanyamaza, na ufa utabaki kwa yule asiyesema.

Nanyi wanafunzi wenzangu mnaopenda kompyuta, msinielewe vibaya. Sikuwatuma mkajaribu milango ya watu. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 inasema kuvunja ulinzi na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuiba chochote. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 5,000,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Anayetaka kujifunza aweke WordPress yake mwenyewe, kwani ni ya bure, avunje na kuunda mlango wake mwenyewe mpaka achoke. Kijana wa miaka 19 aliweza kuanzisha programu inayoendesha karibu nusu ya tovuti za dunia. Kwani sisi tuna nini kinachotuzuia, isipokuwa stima na intaneti? Mtandao wa hapa unakatika, najua, lakini akili haikatiki.

Msomaji wangu, mwanafunzi mwenzangu, mwalimu wangu, nimesema yangu. Baada ya miaka miwili wengi wa rika langu tutafika miaka 18, na kila mmoja wetu atasimama mbele ya bawabu fulani, wa kitambulisho au wa kadi ya mkimbizi, na kuulizwa, "Wewe ni nani?" Sisi majibu tunayo. Tunachoomba ni kwamba daftari likisema tofauti na sisi, kuwe na mtu mwenye ruhusa, mwenye muda na mwenye moyo wa kuangalia ni nani kati yetu na daftari aliyekosea. Wakati mwingine ni sisi. Lakini wakati mwingine ni daftari, na daftari halilali njaa.

Kalamu naiweka chini.